Nilivyomwonea Wivu Ravneet

Watu wa kijijini kwetu wakimtaja Ravneet siku hizi husema, "Maskini, alikuwa malaika." Hakuwa malaika. Alikuwa mvivu wa kukanda unga, alikuwa na ulimi, na akicheka alikoroma kwa pua. Nilikaa naye nyumba moja miaka saba, naweza kuapa. Mimi ni Jasmel Kaur, mke wa Gurtej, mwana mkubwa wa nyumba ile. Ravneet aliolewa na Lakhvir, mdogo wake Gurtej. Ua mmoja, jiko moja, choo kimoja na mama mkwe mmoja, Bebe. Sijui mtu anaweza kumjua mwenzake zaidi ya hapo.

Tena niseme mapema, msije mkanisifu bure kwa kumuuguza: nilimwonea wivu tangu siku aliyoshuka garini na taji la maua.

Alikuja na shahada ya chuo, friji, na weupe ambao Bebe aliutangaza mtaa mzima kama vile ameuzaa yeye. Mimi nilikuja na masanduku mawili ya chuma na nyati mmoja, na nyati huyo akafa mwaka uleule. Utando wa maziwa wa asubuhi, ambao kwa miaka sita nilikuwa nikiukwangua sufuriani mimi, ukahamia bakuli la Ravneet. Ni jambo dogo, najua. Roho iliniuma hata hivyo.

Mwezi wa nne tangu aolewe akaanza kukimbilia chooni. Unga ukitolewa, Ravneet chooni. Nyati wakililia majani, Ravneet chooni. Hila hiyo naijua, nami niliitumia nilipokuwa bibi harusi, lakini kwa kiasi. Siku moja nikaenda nikagonga mlango.

"We Ravneet! Huko ndani kuna sinema?"

"Nakuja, dada."

"Subiri basi iishe, uje utusimulie!"

Wanawake waliokuwa wakichambua mboga ya haradali uani walicheka mpaka wakashika mbavu. Ravneet alitoka amejitanda shali mpaka machoni, akachutama, akakanda unga. Baadaye sana ndipo nilipojua kwamba siku ile ilikuwa damu tupu. Aliificha mwaka mzima. Mama yake alimwambia kwa simu kwamba ni bawasiri, na kwamba bibi harusi anayetaja choo chake ukweni ameivua nguo familia yake.

Ilifika siku akaanguka jikoni, midomo myeupe. Lakhvir akampakia garini hadi hospitali kubwa ya Ludhiana, nami nikafuatana nao kwa sababu lazima mwanamke awepo. Wakamwingizia kamera kwa njia ambayo Bebe hadi leo hataki itajwe. Daktari, mama mmoja mfupi mwenye miwani, akatuambia utumbo mpana umevimba na una vidonda mwanzo hadi mwisho. Haikuwa minyoo wala husuda ya mtu wala pilipili. Ni ugonjwa wa kukaa nao maishani, alisema, unatulia, unarudi, unatulia tena. Akasema pia kwamba ukiachwa ovyo unaweza kutoboa utumbo, unaweza kugandisha damu kwenye mishipa ya miguu, na baada ya miaka mingi unaweza kuleta saratani. Tulipomsimulia Bebe, katika yote hayo alishika neno moja tu, "unatulia".

Ravneet akapewa vidonge vidogo vyeupe vya kushusha uvimbe, aanze na vingi kisha apunguze kidogo kidogo mpaka viishe. Wiki ya sita uso wake ukaumuka. Mashavu yakajaa, yakawa mekundu, na chini ya kidevu kikaota kidevu kingine. Kwetu uso mnene ni heshima ya nyumba nzima. Jirani yetu Taro alikuja kuomba chachu ya mtindi, akasahau alichofuata.

"Bebe, unamlisha nini huyu mtoto?"

"Samli ya nyati wangu. Kuna kingine?"

"Mbona Jasmel humlishi?"

"Jasmel? Huyo hata ukimtumbukiza kwenye pipa la samli atatoka mkavu."

Nilicheka pamoja nao. Kisha nikaenda banda la nyati, nikajifanya natoa samadi, nikalia. Na nitakiri na hili: nilimwibia Ravneet vidonge kumi, nikameza kimoja kila asubuhi nikisubiri mashavu. Nikaota chunusi.

Dawa ilipopunguzwa kama daktari alivyoagiza, uso nao ukapungua. Hapo ndipo tulipokosea, na sidhani kama kuna watu wengine wangekosea vile. Wanawake wakaanza kunong'ona gurdwara, hekaluni kwetu, kwamba nyumba ya Bachint Kaur inamnyima mkwe chakula. Bachint Kaur ni Bebe, na Bebe angeweza kuvumilia njaa, asivumilie mnong'ono. Akaenda duka la dawa sokoni na boksi tupu mkononi. "Nipe hizihizi," akasema, akapewa. Uso ukarudi. Ikawa ndiyo kawaida yetu, uso ukishuka, boksi. Daktari alipomwandikia Ravneet dawa nyingine ya kuulaza ugonjwa kwa miaka, Bebe aliitazama mwezi mmoja, akaona haileti mashavu, akaisukuma nyuma ya kabati. Miaka mitatu ikapita hivyo. Ravneet alikuwa na uso wa sherehe na mifupa ya ajuza. Alivunjika kiwiko cha mkono kwa kuinua ndoo ya maziwa.

Mimi nilijua ni makosa. Nilikuwepo daktari alipokataza vidonge vile visimezwe mfululizo. Ningefungua mdomo, lakini wangesema naonea wivu uso wake, na kweli nilikuwa nauonea wivu, kwa hiyo nikanyamaza.

Daktari alipogundua alimkaripia Bebe mbele ya foleni nzima. "Mama, uso huu si afya, ni dawa! Mnammaliza!" Bebe alirudi nyumbani amenuna siku mbili. "Nyati nimemkamua mimi, samli nimeichemsha mimi, halafu yule mwenye miwani ananiambia ni dawa!"

Msidhani Ravneet alikuwa mtu wa kulala na kuugua tu. Alikuwa na ramani ya vyoo kichwani, kuanzia kijijini kwetu hadi Ludhiana, kituo cha mafuta gani kina maji na kipi mlinzi wake mkali. Harusini alikaa karibu na mlango, na akiulizwa mbona haingii kucheza alisema anamlinda bwana harusi asitoroke. Siku alizokuwa na nguvu aliwafundisha binti zangu wawili hesabu, wakawa wa kwanza na wa tatu darasani. Wakitoka shule walipita mbele yangu na mikoba yao, "Chachi! Chachi!", yaani mama mdogo, wakaingia chumbani kwake. Mimi niliyewazaa niliulizwa chakula. Naye Ravneet akinikuta nimekunja uso aliniambia, "Dada Jasmel, usininunie, nakuazima tu watoto, wangu wameshindwa kukaa." Mimba mbili zilimtoka. Alilisema hilo huku akicheka.

Lakini uso, utando wa maziwa, hata watoto, vyote hivyo ningevimeza. Kilichonikaba kooni ni asubuhi moja ya mwezi wa Januari, ukungu umejaa uani hata banda halionekani. Nilikuwa naenda kukamua nikasikia pampu ya mkono ikilia. Nikamkuta Lakhvir amepandisha mikono ya kanzu hadi mabegani, amechutama juu ya beseni, anafua shuka. Maji yalikuwa mekundu. Vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi na bado anasugua, anainusa shuka, anasugua tena.

Mwanamume wa kwetu, mwenye trekta na ekari kumi na mbili, anafua kinyesi cha mkewe.

Aliponiona alishtuka. "Shemeji, tafadhali, Bebe asijue."

"Mbona hukuniamsha nikufulie?"

"Ravneet hataki mtu aone. Mimi si mtu," akasema, akatabasamu.

Mimi si mtu! Nilikwenda kwa nyati nikamkamua vibaya mpaka akanipiga teke. Miaka kumi na moja ya ndoa, Gurtej hajawahi kunipa glasi ya maji. Nilizaa binti wa pili nikasimama siku ya tisa kupika kwa ajili ya wavunaji. Nikamwambia Gurtej asubuhi ileile, "Ndugu yako anafua mashuka ya mkewe."

"Mwache, huyo mwehu."

"Nikiumwa mimi je?"

"Wewe huumwi. Wewe chuma."

Alidhani amenisifu. Juma lililofuata nikajilaza makusudi, kichwa nimekifunga kitambaa, nagugumia. Gurtej alikuja mlangoni, akanitazama kitambo, akauliza chapati ziko wapi. Nikaamka nikapika. Tangu siku ile kila nilipoona shuka kwenye kamba niliitazama kama watu wengine wanavyotazama dhahabu ya jirani.

Mwaka wa saba, Novemba, ugonjwa ukarudi na haukutulia. Vidonge vyeupe havikumshika tena, mwili ulishavizoea. Akahara mara ishirini kwa siku. Akalazwa Ludhiana kwa dripu, akachomwa sindano mpya zilizosifiwa sana, nazo zikashindwa. Daktari akatuita, Lakhvir na mimi, hadi kando ya kitanda ili Ravneet asikie.

"Utumbo huu umekwisha," alisema. "Nataka kuutoa wote. Kinyesi kitatoka kwa tundu dogo hapa tumboni, kiingie kwenye mfuko wa kubandika. Ukifanyiwa wiki hii, ukiwa bado na nguvu, utaishi uzeeke. Tukingoja utumbo upasuke wenyewe, sitaweza kukuahidi kitu. Sahihi ni yako."

"Tia sahihi, Ravneet," Lakhvir akasema papo hapo.

Ravneet alitazama dari. "Nitafikiri."

Wodi ya wanawake haikuruhusu wanaume kukaa. Lakhvir alirudi kijijini kuhudumia nyati, akawa anakuja kila siku saa ya kuonana. Nikabaki mimi, kwenye kigoda, na kikapu cha machungwa asiyoweza kula. Saa tisa mchana, wagonjwa wengine wamesinzia, akanishika mkono.

"Dada, wewe hunidanganyi. Wengine wote wananidanganya."

"Uliza."

"Huo mfuko. Unakaa hapa, mbele kabisa. Utanuka, utalia kama tumbo la nyati. Lakhvir akigeuka kitandani ataugusa. Ataweza kweli?"

Nilijua jibu. Hakuna aliyelijua kama mimi, maana ni mimi niliyemwona kwenye pampu na vidole vimekufa ganzi. Ningesema tu, "Ataweza, mpumbavu wee, tia sahihi," naye angetia, maana aliniuliza mimi kwa sababu aliniamini kuwa mkali. Kalamu ilikuwa juu ya kabati, karibu na glasi.

Nikasema, "Shuka hufuliwa ikaisha, Ravneet. Huo mfuko ni wa kila siku. Mwanamume ni mwanamume."

Akaitazama kalamu. Nikaongeza, kwa sauti ya upole, na upole wenyewe ndio unaonichoma sasa, "Mimi ningekuwa wewe ningeipa dawa nafasi nyingine. Siku kumi hivi. Nani ajuaye?"

Mnataka kujua kwa nini. Nilitaka duniani kuwe na kitu kimoja ambacho Lakhvir hatamfanyia. Basi. Sikutaka afe. Nilitaka alale pale akiwa na shaka na mume wake kidogo, kama sisi wengine tunavyolala na shaka na waume zetu kila siku.

Daktari alipopita jioni Ravneet akamwambia, "Nipeni siku kumi za dawa." Daktari akavua miwani, akamweleza upya, akamwonya kwa maneno mazito. Lakhvir kesho yake alimbembeleza hadi machozi yakamtoka mbele ya wodi nzima, na mgonjwa wa kitanda cha pili akajifunika blanketi kwa haya. Ravneet alimfuta uso kwa ncha ya shali yake. "Siku kumi tu, Lakhi. Kwani unaenda wapi?" Mimi nilikuwa namenya chungwa.

Siku ya tano asubuhi tumbo lilikuwa limevimba limekaza, homa imepanda, naye hahari tena. Nikadhani ni nafuu. Nikamwambia, "Unaona? Dawa imeshika." Akajaribu kutabasamu. Nesi alipomgusa tumbo akapiga kelele ambayo sijawahi kuisikia hata kwa mwanamke anayejifungua, na ndani ya dakika chache walikuwa wanamkimbiza na kitanda chake. Utumbo ulikuwa umepasuka, uchafu umesambaa. Walimpasua, wakautoa, wakaosha walichoweza. Sumu ilikuwa imeshaingia damuni. Alikaa siku mbili kwenye mashine bila kutujua, akafa Jumamosi kabla ya adhuhuri. Alikuwa na miaka ishirini na tisa.

Tulimchoma siku iliyofuata, majivu wakayapeleka kuyamwaga mtoni Kiratpur. Bebe alijipiga kifua akisema, "Mashavu yake! Mashavu yake!" Alipokwisha kunyamaza hakuitaja tena samli, na mpaka leo akichemsha siagi hufunga mlango wa jiko. Siku ya kumi kisomo cha kitabu kitakatifu kikamalizika, watu wakala, wakaondoka. Kwetu nguo za marehemu hugawiwa, na kazi hiyo ni ya mke mkubwa wa nyumba. Nikaingia chumbani kwao na shuka la kufungia, Lakhvir akiwa amekaa ukingoni mwa kitanda.

Nilikunja shali, nikakunja suti za harusi ambazo hakuzivaa zaidi ya mara mbili. Chini kabisa ya kabati, upande wa Lakhvir, nikakuta boksi la karatasi. Nikalifungua nikidhani ni viatu. Ilikuwa ni mifuko ya plastiki yenye duara la gundi, ile ya kubandika tumboni. Mingine ilikuwa mipya, na mitatu ilikuwa imetumika, imeoshwa, imekunjwa vizuri.

"Hii imetoka wapi?" nikauliza. "Hata hakurudi nyumbani kuivaa."

"Nilivaa mimi," Lakhvir akasema.

Sikumwelewa. Akainua kanzu. Upande wa kulia wa kitovu ngozi ilikuwa imechubuka duara zima, nyekundu, kando kando imeanza kuota gaga.

"Nesi alinipa siku ileile aliyosema daktari. Nilijaza mtindi na dengu. Nililala nayo, nikaendesha trekta nayo. Ya kwanza ilifumuka shambani, nikanuka siku nzima, Gurtej akaniuliza kama nimelewa." Akacheka kidogo, akashusha kanzu. "Nesi alisema ngozi huzoea baada ya wiki. Nikasema acha wiki iishe. Nilitaka nikimwambia haina neno, awe anajua sibahatishi. Ningemwonyesha Ijumaa."

Ijumaa alikuwa kwenye mashine.

Natamani niwaambie kwamba pale majuto yalinishika. Yalinishika baadaye, na hayajaniachia hadi leo. Lakini mbele ya lile duara jekundu kitu cha kwanza kilichonipanda kilikuwa kilekile cha siku zote. Nilisimama na suti za marehemu mikononi nikimwonea wivu mwanamke tuliyekwisha kumchoma.

"Shemeji," Lakhvir akasema, "wewe ndiye uliyekuwa naye siku zote zile. Mimi alinificha. Aliogopa nini? Nilikosea wapi?"

Alinitazama usoni akingoja. Nikaangalia nguo, nikazikunja upya ingawa zilikuwa zimeshakunjika.

"Aliogopa kisu," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa pole pole, kama mtu aliyepokea alichokuwa akikitafuta. Akainuka, akaniinamia, akanigusa miguu yote miwili kwa mikono yake, jinsi mdogo anavyomheshimu mke wa kaka yake. "Asante, shemeji," akasema, "kwa kuwa hukumwacha peke yake." Nami nikamwekea mkono kichwani, nikambariki.